Woody Guthrie, Fundi wa Mabango Aliyeuliza Majina ya Marehemu

Katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross mjini Fresno, jimbo la California, Marekani, kuna kaburi moja walimozikwa watu 28 kwa pamoja. Walikuwa raia wa Meksiko, wengi wao vibarua wa mashambani, waliokufa katika ajali ya ndege tarehe 28 Januari 1948. Kwa miaka 65 kibao kilichowekwa juu ya kaburi hilo kilitaja idadi yao, uraia wao na ajali iliyowaua. Majina yao hakikuyataja.

Mtu aliyelifanya swali la majina hayo lisikike duniani hakuwa padre wala mwanasiasa. Hakuwa hata Mkatoliki. Alikuwa fundi wa kuandika mabango, mstaafu wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na mpiga gitaa ambaye hakupita shule yoyote ya muziki. Aliitwa Woody Guthrie. Wamarekani wengi wanamkumbuka kwa wimbo wake This Land Is Your Land, unaoimbwa na watoto shuleni. Waseminari na waamini wa parokia wana sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo ni jinsi alivyowatazama watu ambao wengine waliwahesabu tu.

Utoto wenye majonzi

Woodrow Wilson Guthrie alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 katika mji mdogo wa Okemah, jimbo la Oklahoma. Wazazi wake, Charley na Nora, walimpa jina la mwanasiasa aliyekuwa akigombea urais mwaka huo, na ambaye alishinda miezi michache baadaye. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ardhi, na kwa muda familia iliishi vizuri. Mama aliwaimbia watoto nyimbo za zamani zilizosimulia habari za wapendanao, wahalifu na watu waliozama majini. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya muziki aliyoipata Woody.

Kisha mabaya yakaja yakifuatana. Mwaka 1919 dada yake mkubwa, Clara, alifariki baada ya nguo zake kushika moto. Mali ya baba ikaisha. Mama akaanza kubadilika. Viungo vyake vilicheza bila yeye kutaka, hasira zilimpanda ghafla, na alisahau mambo ya nyumbani. Watu wa mjini walimwona kuwa ni mwenda wazimu. Mwaka 1927 baba naye aliungua vibaya kwa moto, na baada ya hapo mama alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Norman. Alifariki mwaka 1930.

Ugonjwa uliomuua unaitwa Huntington. Huharibu ubongo polepole, hunyang'anya mwili utulivu, na huvuruga akili na tabia. Ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Kwa kawaida dalili hujitokeza ukubwani, mara nyingi mtu akiwa tayari ameoa au ameolewa na kupata watoto. Woody alikua akiwa amebeba ugonjwa huo bila kujua.

Brashi na gitaa

Familia iliposambaratika, Woody alimfuata baba yake katika mji wa Pampa, jimbo la Texas. Hakumaliza shule ya sekondari, lakini alishinda maktaba akisoma vitabu. Riziki aliipata kwa kazi ya mikono. Alichora na kuandika mabango ya maduka, kazi inayohitaji mkono thabiti, jicho la kupima nafasi na akili ya kuchagua maneno machache.

Gitaa alianza kulishika huko huko Pampa, akionyeshwa na baba yake mdogo, Jeff. Harmonika alikuwa ameianza Okemah, baada ya kumsikiliza Mmarekani Mweusi aliyekuwa akipiga viatu rangi. Mengine yote aliyapata kwa kusikiliza na kujaribu. Mara nyingi hakutunga sauti mpya. Alichukua tuni ya zamani ambayo watu walikwisha kuizoea, nyingine zikiwa za kanisani, akaitia maneno ya mambo yaliyokuwa yakitokea wakati huo. Kwa njia hiyo wasikilizaji waliweza kuimba naye mara ya kwanza tu wanapousikia wimbo. Ufundi wake wa mabango unaonekana hapo pia. Bango zuri husomwa na mpita njia bila kusimama, na nyimbo zake zilieleweka hivyo hivyo.

Tarehe 14 Aprili 1935, siku ya Dominika, wingu jeusi la vumbi liliifunika Pampa kama lilivyoifunika miji mingine mingi ya nyanda zile. Wakulima walikuwa wamelima nyasi zilizoshikilia udongo, kisha ukame ukaja, na upepo ukaipeperusha ardhi yenyewe. Watu walidhani mwisho wa dunia umefika. Mazao yalikufa, benki zikachukua mashamba, na familia kwa maelfu zikapakia vyombo vyao kwenye magari mabovu na kuelekea magharibi, California, kutafuta kazi ya kuchuma matunda.

Woody naye alikwenda. Alisafiri kwa kuomba lifti na kudandia treni za mizigo, na mahali pengine aliandika bango la duka ili apewe chakula. Huko California aliwakuta watu wa kwao wakiishi kandokando ya barabara na mifereji, wakidharauliwa na kuitwa kwa jina moja la kejeli, kana kwamba hawakuwa na majina ya nyumbani. Mwaka 1937 alipata kipindi katika redio ya KFVD mjini Los Angeles. Aliwaimbia wahamiaji hao habari zao wenyewe, na barua zao zikamiminika. Alitembelea pia kambi zao na kuimba bila malipo.

Hapa lazima tuseme ukweli mwingine. Mwaka 1933 Woody alikuwa amemwoa Mary Jennings, nao walipata watoto watatu. Mtu huyu aliyekuwa tayari kukesha na wageni kambini mara nyingi aliiacha familia yake bila matunzo. Ndoa hiyo ilivunjika, na baadaye alioa tena mara mbili. Aliandika pia safu katika gazeti la chama cha Kikomunisti, ingawa Papa Pius XI alikuwa amekwisha kuonya vikali dhidi ya ukomunisti usiomkiri Mungu mwaka 1937. Hatumwandiki kama mtakatifu. Tunamwandika kama mtu aliyeona jambo moja kwa usahihi, huku akishindwa katika mengine.

Wimbo na kivuli cha kanisa

Mapema mwaka 1940 alifika New York. Tarehe 23 Februari, katika hoteli ya bei rahisi, aliandika This Land Is Your Land. Alikuwa amechoshwa na wimbo mmoja wa kizalendo uliokuwa ukipigwa kila saa redioni, ambao kwake ulisifu nchi bila kuwaona maskini wake. Beti zinazofahamika zaidi zinasifu uzuri wa nchi na kusema ni mali ya wote. Lakini kuna beti moja ambayo mara nyingi huachwa. Ndani yake mwimbaji anawaona watu wake wenye njaa wamesimama kwenye ofisi ya misaada, katika kivuli cha mnara wa kanisa, naye anajiuliza kama kweli nchi hiyo ni yao.

Kila anayejiandaa kuhudumu kanisani angefaa kuitafakari picha hiyo. Kanisa lipo, mnara wake ni mrefu, na maskini wapo pale pale chini. Je, aliye ndani ya kanisa anawafahamu?

Mwaka uliofuata serikali ilimwajiri kwa mwezi mmoja atunge nyimbo kuhusu mabwawa ya umeme ya Mto Columbia. Alitunga nyimbo 26 katika mwezi huo, na malipo yake yalikuwa dola 266. Mwaka 1943 kilitoka kitabu cha maisha yake, Bound for Glory, na jina lake likazidi kujulikana.

Baharini na jeshini

Wakati huo vita vilikuwa vimepamba moto. Woody alijiunga na mabaharia wa meli za biashara zilizobeba askari, silaha na chakula kuvuka Atlantiki. Alikwenda pamoja na rafiki zake wawili, Cisco Houston na Jim Longhi. Kazi yake melini ilikuwa kupakua chakula na kuosha vyombo, na gitaa lake lilikuwa na maandishi ya kutangaza kwamba chombo hicho kinapigana na mafashisti. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Safari mbili, meli aliyokuwamo ilipigwa na silaha za adui. Ya pili ilipigwa Julai 1944, muda mfupi baada ya kuwashusha askari katika pwani ya Normandy, Ufaransa. Mabaharia wa namna hiyo walihesabiwa kuwa raia, na serikali haikuwatambua kama wastaafu wa vita hadi mwaka 1988.

Longhi alisimulia baadaye tukio moja la safari ile ya mwisho. Meli ilikuwa ikiwindwa na nyambizi, mabomu ya maji yakilipuka, na maelfu ya askari wakiwa wamebanana chini kwa hofu. Woody alichukua gitaa akashuka kuwaimbia. Katikati ya mlipuko mmoja na mwingine alisikia sauti za askari Weusi wakiimba mahali pengine melini, maana jeshi la Marekani liliwatenga na Wazungu hata kifoni. Alikwenda kuimba nao. Alipoombwa arudi kwa Wazungu, alikataa mpaka wale askari Weusi waruhusiwe kuja naye. Wakaruhusiwa, na usiku ule wakaimba pamoja.

Mei 1945, siku zile zile Ujerumani iliposalimu amri, Woody aliitwa katika jeshi la nchi kavu. Alitumikia ndani ya Marekani kwenyewe na kuruhusiwa kurudi uraiani Desemba mwaka huo. Alikuwa amemwoa Marjorie Mazia, mcheza ngoma wa jukwaani na mwalimu wa sanaa hiyo, na wakaishi Coney Island, New York. Mtoto wao wa kwanza, Cathy Ann, ndiye aliyemfanya atunge nyimbo nyingi za watoto. Februari 1947, siku chache baada ya kutimiza miaka minne, Cathy alifariki kwa moto uliozuka nyumbani. Moto ulikuwa umemfuata tena.

Watu 28 wasiotajwa

Karibu mwaka mmoja baada ya msiba huo ilitokea ajali ya ndege tuliyoitaja mwanzoni. Ndege iliyokodiwa na idara ya uhamiaji ilikuwa ikiwarudisha kwao watu wa Meksiko. Baadhi yao walikuwa wameingia California kwa mikataba halali ya kazi za mashambani iliyokwisha muda, na wengine hawakuwa na vibali. Ndege ilishika moto na kuanguka katika bonde la Los Gatos, karibu na mji wa Coalinga. Watu wote 32 waliokuwamo walikufa.

Taarifa zilizosambazwa nchini ziliwataja kwa majina rubani, msaidizi wake, mhudumu wa ndege na afisa wa uhamiaji. Wale 28 waliobaki waliitwa kwa neno moja tu, wafukuzwa. Woody alikuwa New York, mbali kabisa na California, na hakumjua hata mmoja wao. Lakini baba aliyekuwa ametoka kumzika mtoto wake alijua kwamba kila mmoja wa wale 28 ana mtu nyumbani anayemwita kwa jina. Alikaa akaandika shairi. Katika shairi hilo anawaaga marehemu kwa majina ya Kihispania aliyoyabuni mwenyewe, kwa kuwa ya kweli hakuyapata. Anauliza pia ni haki gani hii, kula matunda yaliyochumwa na watu ambao tukisikia wamekufa hatutaki hata kujua ni akina nani.

Shairi hilo lilikaa miaka kama kumi bila tuni. Mwalimu kijana aliyeitwa Martin Hoffman ndiye aliyelitia muziki, na mwimbaji Pete Seeger akalieneza. Likawa wimbo unaojulikana kama Deportee. Wakati huo Woody mwenyewe hakuweza tena kuimba.

Miaka ya ukimya

Mwishoni mwa miaka ya 1940 waliomzunguka waliona mabadiliko. Alipepesuka, alisahau, hasira zilimjia bila sababu. Wengi waliona ni pombe, kwa sababu kweli alikunywa. Alipita hospitali kadhaa hadi mwaka 1952 ilipofahamika kwamba ana Huntington, ugonjwa wa mama yake. Baadaye mkono wake uliungua vibaya katika ajali ya moto, na uwezo wake wa kupiga gitaa ukaisha.

Kuanzia mwaka 1956 aliishi hospitalini moja kwa moja, kwanza Greystone Park huko New Jersey, kisha Brooklyn na Queens. Mkono ulioandika herufi nzuri kwenye mabango haukuweza tena kushika kalamu. Sauti ilififia hadi maneno yake yasieleweke.

Marjorie na Woody walikuwa wamekwisha kuachana kisheria, na Marjorie alikuwa ameolewa tena. Hata hivyo ndiye aliyeendelea kumtunza. Alimtembelea, akampelekea watoto, akamlisha na kumwogesha. Woody aliposhindwa kabisa kusema, Marjorie alimtengenezea kadi zenye maandishi makubwa, moja ya ndiyo na nyingine ya hapana, ili aoneshe anachotaka. Mwishowe hata kuonesha kadi hakuweza, akawa anajibu kwa kupepesa macho. Wanamuziki vijana, akiwamo Bob Dylan mwaka 1961, walikuja kumwimbia nyimbo zake mwenyewe. Alifariki tarehe 3 Oktoba 1967, akiwa na umri wa miaka 55. Majivu yake yalitupwa baharini, Coney Island.

Matunda yaliyokuja baadaye

Marjorie hakukaa kulia tu. Mwaka huo huo wa 1967 alianzisha chama cha kupambana na Huntington. Alianza na familia chache alizoweza kuzipata, kwa maana familia nyingi ziliwaficha wagonjwa wao kwa aibu. Watu waliojitokeza waliwasukuma wataalamu na serikali kufanya utafiti. Mwaka 1993 wanasayansi waliipata jeni inayosababisha ugonjwa huo. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana, na mabinti wawili wa Woody kutoka ndoa yake ya kwanza walikufa nao wakiwa na umri wa miaka 41. Lakini wagonjwa hawakubaki tena gizani.

Tarehe 18 Mei 2017, Baba Mtakatifu Fransisko aliwapokea mjini Vatikano wagonjwa wa Huntington na familia zao, wengi wakitoka Amerika ya Kusini. Aliwakumbatia mmoja mmoja na kuomba ugonjwa huo usifichwe tena. Viungo vyao vilicheza mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyeona aibu.

Na lile kaburi la Fresno? Mwandishi Tim Z. Hernandez, ambaye wazazi wake na mababu zake walikuwa vibarua wa mashambani, aliufuata wimbo wa Woody hadi kwenye kumbukumbu za makaburi. Kwa kushirikiana na ofisi ya makaburi ya Jimbo Katoliki la Fresno, alizitafuta familia na kulinganisha orodha. Tarehe 2 Septemba 2013, mbele ya umati wa watu, lilizinduliwa jiwe jipya lenye majina yote 28. Kanisa lililokuwa limewapa marehemu wale mahali pa kulala sasa liliwarudishia pia majina yao.

Nasi tufanyeje?

Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kwa majina. Tunalisikia neno hilo kila mwaka katika kipindi cha Pasaka, na ni rahisi kulihubiri. Kulitimiza kunaanzia kwenye mambo madogo. Katibu wa parokia anapoandika jina la mtoto katika kitabu cha ubatizo, aliandike kwa usahihi na kwa heshima. Padre anapofika kumzika mtu asiyemjua, aulize marehemu aliitwa nani na aliishije, asitosheke na kusema ndugu yetu huyu. Kibarua anayelima shamba la parokia, mlinzi wa getini, mpishi wa seminari, wote wana majina waliyopewa siku ya kubatizwa au ya kuzaliwa.

Hata kwetu yupo mgonjwa anayefungiwa chumba cha nyuma kwa sababu anatikisika au anasema yasiyoeleweka, na majirani wananong'ona kuwa amerogwa. Anayempelekea Komunyo anaweza kukaa naye kitako, akamwita jina lake, akasubiri jibu hata kama litakuja kwa kupepesa macho. Marjorie alifanya hivyo kwa miaka mingi bila kuwa na wajibu wowote wa kisheria.

Woody Guthrie hakuwa mwanateolojia, na maisha yake yana sehemu ambazo hatuwezi kuziiga. Lakini alipokutana na orodha ya watu 28 wasio na majina, hakukubali kupita. Tumwombee apumzike kwa amani, yeye na wale 28 wa Los Gatos, na tuombe macho ya kuwaona watu wanaosimama katika kivuli cha minara yetu.